Damu ya Fizi Si Kosa la Mswaki

Juma hili nazungumzia ile damu tunayoiona tukitema povu la dawa ya meno. Wengi wetu husingizia mswaki, tukauweka kando hadi fizi zipone. Mimi nasema hapo ndipo tunapouongeza ugonjwa.

Kwa kawaida damu hiyo huletwa na ukoga, utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi. Ukiachwa, hugeuka mgumu kama jiwe, na kuuondoa huwa kazi ya daktari wa meno. Ufizi huachana na jino, mfupa unaolishika huliwa kidogo kidogo, mara nyingi bila maumivu, hata jino lisilo na tundu likalegea na kung'oka. Mvutaji sigara yumo hatarini zaidi: sigara hupunguza damu hiyo, akadhani yu mzima.

Basi tupige mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, dakika 2 kila mara, polepole, hadi kwenye mpaka wa ufizi. Damu isipokoma katika majuma mawili, twende kwa daktari. Jino la ukubwani likitoka, halioti tena.