Mashine na Ubongo wa Mwanadamu

Twazungumza nawe kutoka Gazi, kwenye ghuba ya mikoko hapa Kwale.

Mzazi mmoja wa hapa alituuliza kama kuna haja ya kuendelea kumlipia mtoto karo, ikiwa mashine zitafikia akili ya binadamu na kazi zote kwisha. Hakuuliza kwa mzaha, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Basi leo tujaribu kumjibu.

Kwanza tusijidanganye. Sisi watu wa Kanisa twapenda kusema, "Mashine haitaweza hili," kisha ikaweza. Mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Tangu mwisho wa mwaka 2022 iko programu ya ChatGPT, ambayo huandika barua, na hata sala, kwa Kiswahili. Ni kweli ubongo ni kazi ya ajabu: una chembe za neva zipatazo bilioni 86, nao hutumia nguvu ya wati 20 hivi, pungufu ya balbu ya zamani. Lakini wataalamu wakiunda kesho mashine ya wati 20, je, sura ya Mungu itakuwa imetutoka?

Wavuvi wa Gazi watatusaidia hapa. Kukadiria kujaa na kupwa kwa maji ni kazi ya akili, na mashine iliifanya zamani sana. Mwaka 1872 huko Uingereza, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu ya kupiga hesabu hiyo. Nahodha wetu huijua bamvua na maji mafu kwa kutazama mwezi, na pengine atakosea pale ambapo jedwali halikosei. Lakini kusi likichafuka, yeye hugeuza dau kwa kuwa ndani yumo kijana wa jirani, na jioni atasimama mbele ya mama yake kijana huyo. Jedwali halina mtu baharini.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu hakumpima Kaini akili. Alimwuliza habari za ndugu yake.

Nasi tuna ndugu zetu waliotumiwa kuzifunza mashine hizi. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi machafu, ya ukatili na ya kuwadhulumu watoto, wayatie alama, ili ChatGPT ifunzwe kuyakwepa. Baadhi yao walisema kazi ile iliwajeruhi nafsi. Mashine ilipewa maandishi hayo hayo, na hatujasikia kwamba ilikosa usingizi. Sisi Wakristo, ambao Bwana wetu alifufuka na alama za misumari mikononi, hatuna budi kulitafakari jambo hilo kuliko mambo ya sataranji.

Kwa hiyo, mzazi mpendwa, mlipie mtoto karo. Hatukuahidi kwamba atapata kazi. Zipo kazi zitakazoondoka kweli, na mhubiri anayekana hayo anakudanganya. Lakini atahitajika mtu wa kusoma mkataba kabla hajatia sahihi, na wa kuuliza ni nani aliyeumia ili kitu hiki kipatikane, naye alilipwa nini.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wale wa Nairobi waliosoma yasiyosomeka, uwape usingizi. Uwalinde walio baharini usiku huu. Umkumbuke na mzazi huyu anayehesabu karo ya muhula. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.