Asikwame kwa Karatasi: Hotuba ya Kamati ya Elimu



Kila tunapopitisha kapu la elimu tunaulizwa: Serikali inatoa mikopo ya chuo kikuu, sisi tunachangia nini? Swali ni la haki, na leo tunalijibu.

Ni kweli, Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005 na imewasomesha watoto wetu wengi. Mkopo huweza kulipia ada, ambayo kwa programu nyingi za vyuo vya umma ni shilingi milioni 1 na zaidi kwa mwaka, pamoja na vitabu na mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mzazi mwenye ekari mbili za mikorosho hawezi kubeba mzigo huo peke yake.

Lakini mkopo humwendea mhitaji, na uhitaji huthibitishwa kwa karatasi. Bodi haiingii jikoni kwa mama mjane kuona chungu chake, inasoma kilichoambatishwa. Yatima lazima awe na cheti cha kifo cha mzazi, kilichohakikiwa na RITA. Huku kwetu baba alizikwa, arobaini ikapita, na hakuna aliyekwenda wilayani kuchukua cheti. Kwa hiyo yatima wa kweli anaonekana kwenye fomu kama mtoto mwenye wazazi wote wawili.

Tena kuna suala la majira. Maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Minada huanza Oktoba. Kijana anatakiwa kulipa shilingi 30,000 za maombi, nauli ya kwenda wilayani, kupiga chapa na kugonga mihuri, katika miezi ambayo nyumbani hakuna kitu. Akipata mkopo, bado anahitaji nauli ya basi na chakula cha wiki za kwanza kabla fedha haijaingia.

Basi, ndugu zetu, tunachoomba mwaka huu ni mambo matatu. Kwanza, mfuko wa maombi: kwa vijana 40, malipo ya maombi peke yake ni shilingi 1,200,000. Pili, nauli na posho ya kuanzia kwa wale wasio na mtu mjini. Tatu, na hili halihitaji fedha: kila mmoja wetu apige simu nyumbani wiki hii, aulize kama watoto wa ukoo wana vyeti vya kuzaliwa, na kama marehemu wetu wameandikishwa. Anayeanza kidato cha tano leo ana muda wa kutosha. Anayesubiri matokeo ya kidato cha sita atakimbizana na tarehe ya mwisho.

Kwenu vijana mliokwisha kuhitimu na kuajiriwa: makato ya asilimia 15 kwenye mshahara yanauma, tunajua. Ila ndiyo yanayomsomesha mdogo wako.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Haba na haba hujaza kibaba.