Barakoa ndani ya feri: hoja tano tutakazozisikia tena kwenye kampeni

UZI. Hii ni mada niliyowapa vijana wa hapa Lambwe, kuhusu hoja za wakati wa korona ambazo hufufuka kila siasa zikipamba moto. Wengi mliomba niiweke hapa, nami nimeiacha jinsi nilivyoizungumza. Sitaji chama wala mheshimiwa. Ukidhani namsema mtu wako, hayo ni yako. Soma hadi mwisho ndipo ujibu.

1/ Nimeombwa niongee kuhusu barakoa, na tayari nasikia mtu ameguna. Ati korona iliisha, ya nini kurudi huko? Turudi kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja, na kanuni zake zitatungwa na watu tutakaowachagua sisi wenyewe. Julai 2024 mpox ilionekana Kenya, kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta. Kwa hivyo mambo haya hayajawa ya makumbusho.

2/ Tukumbushane kwanza. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili kanuni zikatoka: vaa barakoa inayofunika mdomo na pua ukiwa mahali pa umma au ndani ya chombo cha usafiri, kaa mita moja na mwenzako. Ukikaidi, faini hadi shilingi 20,000 au jela hadi miezi sita, ama vyote viwili. Matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8. Ulazima wa barakoa hadharani uliondolewa Machi 11, 2022.

3/ Sisi wa Lambwe hatuna feri mlangoni, lakini ukishafika Mbita, maji ndiyo barabara. Feri inavuka kwenda Luanda Kotieno. Boti zinakwenda Mfangano na Takawiri. Mgonjwa, mama mjamzito, mwalimu na muuza omena wanapanda chombo kimoja. Ukisema "asiye na barakoa asipande," umeamua kwamba kuna mtu atabaki kisiwani. Ukisema "apande tu," umeamua pia kuhusu mzee mwenye kifua kibovu atakayeketi karibu naye. Mjadala wote uko hapo katikati, na anayekwambia ni rahisi anatafuta kura.

4/ Hoja ya kwanza: "Mwili ni wangu, nisilazimishwe." Msiicheke, ina uzito. Katiba inalinda mwili wa mtu. Lakini linganisha vitu viwili ambavyo abiria wa ziwani huambiwa avae. Jaketi okozi ukilikataa, anayehatarika hasa ni wewe. Barakoa inapunguza pumzi na mate yako kumfikia mwenzako, na inakukinga wewe pia kwa kiasi fulani. Kwa hivyo swali la "mwili wangu" linakuwa swali la miili miwili, na mmoja wao hakuulizwa.

5/ Mtu atasema: "Lakini mimi sina homa, sikohoi." Sikilizeni kisa cha meli ya watalii, Diamond Princess. Abiria mmoja alishuka Hong Kong Januari 25, 2020, baadaye akapatikana na virusi. Meli ikafika Yokohama, Japani, ikawekwa karantini kuanzia Februari 5. Ndani walikuwemo watu 3,711. Waliopatikana na virusi walikuwa 712, yaani karibu mtu mmoja kati ya watano. Na karibu nusu yao hawakuwa na dalili siku walipopimwa. Hawakohoi, hawana homa, wanaongea vizuri tu. Ndiyo maana "mimi niko sawa" haikutosha.

6/ Kisa hicho kina upande mwingine ambao wanasiasa hawausemi. Abiria waliambiwa wabaki vyumbani. Wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa meli wakaendelea kupika, kupeleka chakula mlango kwa mlango, kula pamoja na kulala wawili wawili au zaidi. Karantini iliwalinda wenye tikiti kuliko wenye kazi. Leta hapa kwetu: wabeba mizigo na anayekusanya nauli hukutana na kila abiria, safari baada ya safari. Kanuni isiyoanza na hao, imeanzia pabaya.

7/ Hoja ya pili: "Upepo wa ziwa unatosha." Hii ni kweli nusu. Virusi vya korona husafiri hewani, na huambukiza zaidi ndani ya chumba kisichopitisha hewa kuliko mahali pa wazi. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichelewa kulisema hilo waziwazi: Machi 2020 lilitangaza kwamba korona haisambai kwa njia ya hewa, kisha likaja kubadilisha maelezo yake. Kwa hivyo mvuvi aliye peke yake kwenye mashua hakuwa na sababu ya kusumbuliwa na mtu. Lakini mvua ikinyesha, turubai likashushwa, watu wakabanana chini yake, upepo uko wapi? Na foleni ya ufuoni je? Kanuni nzuri ingetofautisha sehemu ya wazi na chumba kilichofungwa. Yetu ilisema "chombo cha usafiri," basi.

8/ Hoja ya tatu: "Utafiti umesema barakoa hazifanyi kazi." Mwulize msemaji: utafiti upi? Bangladesh, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 300,000 katika vijiji 600. Vijiji vilivyogawiwa barakoa na kuhimizwa, uvaaji uliongezeka kutoka asilimia 13 hadi 42, na maambukizi yenye dalili yakapungua kwa takriban asilimia 9. Kwa barakoa za hospitalini upungufu ulikuwa asilimia 11, na kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ulifika 35. Si muujiza, na wala si sifuri.

9/ Upande wa pili nao una karatasi yake. Mapitio ya Cochrane ya 2023 yalikusanya tafiti nyingi, yakasema huenda kuhimiza barakoa katika jamii kunaleta tofauti ndogo ama hakuna. Watu wakapiga vigelegele. Mhariri mkuu wa Cochrane akatoa maelezo kwamba kusema mapitio yale yamethibitisha barakoa hazifai ni makosa, kwa sababu ushahidi haukutosha kukata shauri. Mtihani mdogo kwako mfuatiliaji: mwanasiasa akitaja utafiti mmoja tu, ule unaomfaa, jua anauza. Akitaja yote miwili halafu akakwambia angeamua nini, huyo msikilize, hata kama hukubaliani naye.

10/ Hoja ya nne: "Zilikuwa sheria za polisi kutesa watu." Hapa hakuna wa kukana. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu, maelfu walikuwa kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wakiwahi kufika nyumbani kabla ya saa moja. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Fikirini: agizo la kuzuia msongamano lilizaa msongamano, kisha watu wakapigwa kwa kusongamana, wakikohoa na kufuta macho kwa mikono. Mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka inayochunguza utendakazi wa polisi, ilisema imepokea malalamiko 87 tangu kafyu ianze, na vifo 15 vikihusishwa na polisi.

11/ Tena Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema. Aprili 16, 2020 iliamua kwamba kafyu ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi katika kuitekeleza zinavunja Katiba. Shikeni hayo mawili pamoja. Kwenye kampeni utamsikia mmoja akitaja nusu ya kwanza tu, mwingine nusu ya pili tu. Kanuni inaweza kuwa ya haki na utekelezaji wake ukawa wa dhuluma. Ukimlaumu aliyetunga, mlaumu kwa alichotunga; ukimlaumu aliyeshika rungu, mlaumu kwa rungu.

12/ Na iko njia nyingine isiyo ya rungu. Likoni hiyo hiyo, serikali ilijenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu, Liwatoni, likafunguliwa Januari 2021. Unaweza kulalamikia gharama yake, unaweza kuuliza lilidumu vipi. Lakini fikra ilikuwa sahihi: ukitaka watu wasibanane kwenye feri, wape pa kupita. Sasa niambieni, Mbita na visiwa vyetu vilipewa nini cha kuongeza nafasi? Boti ngapi za ziada?

13/ Hilo linatupeleka kwenye pesa, jambo ambalo hotuba hulikwepa. Tuseme matatu ya watu 14 inatoza shilingi 100. Ni 1,400 kwa safari. Ikibeba 8, ili ipate 1,400 ile ile, kila mmoja alipe 175. Mafuta hayajapungua, mkopo wa mwenye gari haujapungua. Ongeza barakoa: familia ya watu sita, tuseme shilingi 20 kila moja, ni 120 kabla hujaonja ugali. Kwa mwenye mshahara ni chenji. Kwa mama anayeuza omena kwa kopo, ndiyo faida ya siku. Kanuni ya afya isiyosema nani analipa imeshaamua: analipa abiria.

14/ Desemba 2021 tuliona mfano mwingine. Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza Novemba kwamba kuanzia Desemba 21, asiyechanjwa hatapata huduma za serikali wala kuingia vyombo vya usafiri. Wakati huo chini ya asilimia 10 ya watu wazima walikuwa wamekamilisha chanjo. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Chanjo inaokoa maisha, mimi nasimama hapo. Lakini kumfungia mtu barabara kwa kukosa kitu ambacho hujamfikishia, hiyo ni adhabu ya umaskini.

15/ Hoja ya tano, na ndiyo tamu kuliko zote: "Mbona wao hawakuvaa?" Novemba 2020 mikutano ya kisiasa ilisimamishwa, na Machi 2021 tena. Mlishuhudia wenyewe yaliyofuata: magari yamejaa, watu juu ya paa, barakoa kidevuni. Juni 1, 2021 sherehe za Madaraka zikafanyika Kisumu. Juni 17 kaunti 13 za kwetu magharibi na kando ya ziwa, Homa Bay na Migori zikiwemo, zikatangazwa eneo hatari, kafyu ikarudi saa moja jioni.

16/ Hapa watu hugombana. Mmoja anasema sherehe ndiyo iliyoleta wimbi. Mwingine anasema ni uzushi. Twendeni polepole. Kirusi aina ya Delta kilitangazwa Kisumu mapema Mei, kabla ya sherehe. Kwa hivyo kusema sherehe ilikileta ni makosa. Lakini kama kilijulikana kipo, kukusanya watu kulikuwa uamuzi uliofanywa macho yakiwa wazi, na swali la nani aliamua ni halali. Tena unafiki wa mkubwa haubadilishi tabia ya kirusi. Aliyekutuma uvae naye akavua amekuvunjia heshima. Ukivua kwa hasira, anayeugua ni nyanya yako.

17/ Wazee wa hapa wanajua jambo hili kuliko wataalamu wa mitandaoni. Bonde la Lambwe lilijulikana kwa mbung'o na malale. Ungeweza kumlinda ng'ombe wako peke yake? Mbung'o hajui mpaka wa shamba, na ng'ombe wa jirani angebeba vimelea hadi kwako. Kazi ilifanywa miaka mingi, kwa kunyunyiza dawa, kuweka mitego, kutibu mifugo, na kila boma lilihitajika. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Hakuna boma lililofika huko peke yake.

18/ Kwa hivyo mheshimiwa akija na kipaza sauti, mwombe majibu ya maswali manne. Moja: kukiwa na janga, nani atalipia barakoa za asiye nazo, na zitagawiwa wapi, ufuoni ama ofisini? Mbili: ukipunguza abiria, nauli itafidiwa na nani? Tatu: mgonjwa asiye na barakoa atavukaje kutoka Mfangano? Nne: polisi akimpiga abiria, kesi itapelekwa wapi, na itachukua muda gani?

19/ Akijibu "tutaangalia," hajafikiria. Akijibu kwa kumtukana mpinzani, hana jibu. Akisema "sitaki kanuni yoyote," mwulize atamwambia nini yule mzee mwenye kifua. Akisema "kanuni ni kanuni," mwulize atamwambia nini yule mama aliyebaki ufuoni na uchungu wa uzazi. Anayeweza kuwatazama wote wawili na kuwaambia kitu cha kweli, huyo tunaweza kuanza kuongea naye.

Mwisho wa uzi. Kama kwenu kando ya maji mliona mambo tofauti, andikeni hapo chini: feri ilikuwaje, nauli ilipanda kiasi gani, nani alikosa kuvuka. Hoja nitajibu zote. Matusi nitayapita.