Tukienda Kula Steki Siku ya Furaha

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili katika majimbo ya katikati ya Marekani, kabla ya majira ya mahafali

 Asanteni kwa kuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, maana tunawaona wengine bado mmevaa viatu vya kiwandani.

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulisikia tu linaonekana dogo: familia kwenda kula katika mgahawa wa steki wa hali ya juu, siku ya mahafali, siku ya kupata uraia, au siku ya kutimiza miaka 25 ya ndoa. Tulipopanga mada hii wapo waliocheka. Lakini katika nyumba tunazotembelea jambo hili limekwisha kuleta ugomvi. Kijana anataka apelekwe kule walikopelekwa wenzake wa koleji. Baba anasema fedha hizo ni ada ya sekondari ya watoto wa dada yake kule Uvira. Mama ananyamaza. Baadaye, tukiwa naye jikoni, mama huyo huyo anatuambia kwamba huu ni mwaka wa nane anakata nyama hiyo kiwandani, na hajawahi kuionja ikiwa imepikwa na fundi wake.

Neno la mama huyo lina uzito kwetu, kwa sababu biashara ya nyama ya nchi hii imesimama juu ya mikono ya wageni tangu zamani. Mwaka 1865 zilifunguliwa Chicago zile yadi kubwa za mifugo zilizoitwa Union Stock Yards. Mabehewa ya barafu yalipoanza kutumika miaka ya 1870 na 1880, ng'ombe aliyechinjwa Chicago aliweza kuliwa New York akiwa bado mbichi. Waliochinja na kukata walikuwa Wajerumani, Waayalandi, Wapolandi na Walithuania. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alitoa riwaya yake iitwayo The Jungle juu ya familia ya Kilithuania katika viwanda hivyo, na mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya ukaguzi wa nyama. Yadi zile zilifungwa mwaka 1971. Viwanda vilikuwa vimekwisha kuhamia miji midogo ya Iowa, Nebraska na Kansas, na leo mahali pa Walithuania wamesimama watu wa Guatemala, Meksiko, Somalia, Burundi na Kongo. Yaani ninyi.

Kazi yenyewe hatuna haja ya kuwaeleza. Baridi ile, kisu kile kile, mkato ule ule maelfu ya mara kwa zamu moja, na kifundo cha mkono kinachouma hata usiku. Mnakumbuka pia mwaka 2020. Wakati watu wengi waliambiwa wakae nyumbani, ninyi mliambiwa ni wafanyakazi wa lazima. Ripoti ya serikali ya Julai mwaka huo ilihesabu viwanda 239 vya nyama na kuku, wagonjwa 16,233 na vifo 86 vya wafanyakazi, na hiyo ilikuwa hadi mwisho wa Mei tu. Kwa hiyo anayesema kwamba mezani pale si mahali petu, sisi hatukubaliani naye hata kidogo.

Sasa tuingie ndani ya mgahawa. Tutaanza na nyama, kwa kuwa hapo ndipo ninyi mnajua zaidi ya mhudumu.

Kwa nini steki moja ifike dola 70 au zaidi? Kwanza ni daraja. Wakaguzi wa serikali hutazama mafuta yaliyotapakaa ndani ya nyama kama nyuzi nyeupe, kisha hupanga daraja. La juu kabisa huitwa Prime, nalo hupata ng'ombe wachache. Migahawa hii hujivunia hilo. Ng'ombe huyo amelishwa nafaka, hasa mahindi, kwa miezi 4 hadi 6 ya mwisho, na huchinjwa kabla hajatimiza miaka 2 au muda mfupi baadaye. Ng'ombe wetu wa Masisi au wa Ankole ametembea milimani miaka mingi. Nyama yake ina ladha, lakini meno lazima yafanye kazi. Pili ni kuikalisha. Migahawa mingine hutundika nyama kwenye chumba cha baridi wiki 3 au 4, maji yanapungua, na vimeng'enya vya nyama yenyewe vinalainisha misuli. Uzito unapotea, na sehemu ya nje iliyokauka hukatwa ikatupwa. Hasara hiyo yote mlaji ndiye anayeilipa.

Majina yasiwatishe. Sarara mnaijua, kwenye orodha huitwa fileti, ni laini kuliko zote na ni ghali, ila ladha yake ni ya upole. Ribai ni nyama ya mbavuni yenye mafuta mengi, na sisi ndiyo tunayoipenda. Iko pia ile yenye mfupa wa umbo la herufi T, upande mmoja sarara na upande wa pili nyama ya mgongo. Ikikatwa mahali ambapo sarara ni nene huitwa pota-hausi, na migahawa mingi huiuza kwa watu 2 au 3 pamoja, ikiwa imekatwa vipande. Kwa familia zetu, zilizozoea kuchangia sinia moja, hiyo ndiyo inayofaa. Mara nyingi bei yake kwa kila mlaji hushuka, na hakuna mtu anayekaa na nyama yake peke yake kama mgonjwa.

Mhudumu atauliza iive kiasi gani. Rea ni nyekundu ndani na karibu baridi. Midiamu-rea ni nyekundu na ya uvuguvugu, midiamu ina wekundu hafifu katikati, na weli-dani imeiva yote. Watu watawaambia kwamba kuagiza weli-dani ni ushamba. Msiwasikilize, anayelipa ndiye anayekula. Shauri la serikali ya Marekani ni kwamba steki ifike nyuzi 63 za Selsiasi ndani, kisha itulie dakika 3. Midiamu-rea huwa chini ya hapo. Nyama ya kusaga ni jambo lingine kabisa, hiyo ifike nyuzi 71. Sababu ni kwamba kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu, moto mkali ukawaua, lakini mashine ya kusaga huwachanganya hadi katikati. Mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993 watoto 4 walikufa hapa Marekani katika mlipuko wa ugonjwa uliotokana na hambaga ambazo hazikuiva sawasawa. Mama mjamzito na mtoto mdogo wale iliyoiva.

Na ile damu? Swali hili tumelisikia kila mahali, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tusile damu, Wakristo kwa Waislamu. Maji yale mekundu kwenye sahani si damu. Damu karibu yote hutoka wakati wa kuchinja, na ninyi mnaofanya kazi mwanzo wa mkanda mmeona inakokwenda. Wekundu ule ni wa protini iliyo ndani ya msuli, inayoitwa mayoglobini, iliyochanganyika na maji ya nyama. Mwenye dhamiri inayosita bado aagize iliyoiva, na asisutwe. Ndugu zetu Waislamu wajue kwamba migahawa mingi ya namna hii haitoi nyama ya halali. Wapige simu mapema waulize, au waagize samaki.

Kuhusu uma na kisu, tutapita haraka. Uma mkono wa kushoto, kisu wa kulia, mkate kipande kimoja kimoja. Kama kuna anayeogopa kuchekwa, ajue kwamba New York ya karne ya 19 ilikuwa na karamu za steki ambapo wanaume wenye vyeo, pamoja na wanasiasa, walivaa aproni na kula kwa mikono bila uma wowote.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Watu 4, kila mmoja steki ya dola 70: 280. Viazi na mboga huuzwa mbali, jambo linalowashangaza wengi. Weka sahani 2 za kugawana, dola 30. Jumla 310. Kodi hutofautiana kwa mji. Tukikadiria asilimia 10 ni dola 31. Bakshishi asilimia 20 ni dola 62. Mmefika dola 403, na bado hamjanywa soda. Kwa mtu anayelipwa dola 20 kwa saa, hizo ni saa 20 za kazi kabla ya makato, yaani siku mbili na nusu za kusimama kwenye mkanda.

Mkigawana pota-hausi mtapunguza. Mhudumu akiuliza maji ya aina gani, semeni ya bomba. Hayo ni bure, na ya chupa huandikwa kwenye bili. Chakula kisicho na bei kwenye orodha muulize bei yake kabla ya kuagiza, na hakuna aibu hapo. Mkiwa 6 au zaidi, tazameni bili, kwani mara nyingi bakshishi imekwisha kuongezwa na mnaweza kuilipa mara mbili bila kujua.

Lakini bakshishi isikatwe ili kuokoa fedha. Sheria ya nchi nzima inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mezani dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa hesabu kwamba bakshishi itajaza pengo. Majimbo kadhaa yamepandisha, mengine bado. Asiyeweza kulipa bakshishi achague mgahawa mwingine. Tunalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu ninyi mnajua maana ya kufanya kazi ambayo mlaji haioni.

Tumrudie baba wa Uvira. Hoja yake ni ya kweli. Dola 400 huko ni fedha nyingi, na anayesubiri huko ni mtoto wa dada yake. Tumeona familia zikitatua jambo hili kwa njia mbili. Wengine hukopa kwa kadi, wakala, wakapiga picha, kisha wakalipa kidogo kidogo kwa riba inayozidi asilimia 20 kwa mwaka. Na mwezi unaofuata ndipo fedha za nyumbani zinapokosekana. Wengine huanza kuweka akiba Januari, dola 20 kila wiki, ambayo ni saa moja ya kazi. Kufikia katikati ya Juni inatosha, na fedha za Uvira hazijaguswa. Hawa wa pili huwaambia na ndugu walio nyumbani kwamba watakwenda, na kwa nini. Kinachowaumiza ndugu wa kule mara nyingi ni kuiona picha kwenye simu kabla ya kusikia neno.

Kama akiba haikufika, kuku wa nyumbani na mishikaki uani vinatosha kabisa, na mhitimu aambiwe ukweli mapema, si jioni ya siku yenyewe.

Kwa wanaokwenda mwaka huu: shikeni nafasi wiki mbili kabla, maana Mei na Juni hujaa. Semeni kwenye simu ni sherehe gani. Baadhi ya migahawa hutoa kipande cha keki bila malipo. Nyama ikibaki ombeni kasha mwende nayo, kila mtu hufanya hivyo. Anayelipa ampe mhudumu kadi kabla ya kukaa, ili bili isizunguke mezani mbele ya mhitimu. Na kina mama mnaofanya kazi kwenye mkato wa mbavu, waelezeni watoto kile kilicho kwenye sahani zao, kimetoka sehemu gani na kimekatwaje.

Muda wetu umekwisha. Maswali yaanzie upande wa kina mama.