Kijana wa Pembeni

Neno letu la leo ni Waefeso 2:19.

Nyumbani kwetu Busia iko picha ya zamani ya babu na jamaa yake. Pembeni amesimama kijana ambaye hatukuambiwa jina lake kamwe. Nikavuka mpaka nayo, nikamwonyesha shangazi aliyeolewa upande wa Uganda. Akaitazama, akalia. “Huyu ni kaka yetu, mimi na baba yako. Waligombania ng'ombe wa mahari, baba yako akakataza asitajwe. Amekwisha kufa, lakini watoto wake wapo.”

Sisi Wasamia, kama Wateso wa Malaba, tuko pande zote mbili. Mwaka 1902 Waingereza waliitoa nchi ya upande wetu katika Uganda, wakaitia chini ya utawala uliokuja kuitwa Kenya; udugu haukukatika. Uliokatika kwetu ulikatwa na ulimi.

Nilikwenda kwa watoto wale kuomba radhi. Wakaniletea picha ile ile, wameitunza.

Mpendwa, nyumbani mwako ni nani asiyetajwa? Kwa Mungu yeye si mgeni. Mtaje leo, kisha umwendee.

Ee Bwana, fungua vinywa vyetu. Amina.