Kupunja kwa Kalamu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tuikumbuke habari ya Nabii Shuaib na watu wa Madyan. Aliwakataza kupunja vipimo, na tena kupunguza haki za watu. Wengi wetu hudhani habari hii inawahusu wenye maduka tu. Leo twaipeleka kwa wenye elimu, hasa wanaochunguza ardhi na bahari alizoziumba Mola.

Mwaka 1948 mwanamke wa Kimarekani, Marie Tharp, aliajiriwa na wataalamu wa elimu ya ardhi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wanaume walikwenda na merikebu kupima kina cha Atlantiki kwa mwangwi wa sauti; yeye, kwa uanamke wake, hakuruhusiwa kupanda, akabaki ofisini akichora. Mwaka 1952 aliona katika michoro yake bonde refu lililoipasua safu ya milima iliyo chini ya bahari hiyo, mfano wa Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki. Alipomweleza mwenzake, Bruce Heezen, alijibiwa kuwa hayo ni maneno ya kisichana. Hoja haikutazamwa, alitazamwa msemaji. Baadaye mahali palipotokea matetemeko palipotiwa ramanini, pakaangukia mle mle bondeni. Heezen akakubali, na tumpe haki yake: walishirikiana mpaka alipofariki mwaka 1977. Hata hivyo makala kadhaa za ugunduzi ule zilitoka bila ya jina la bibi huyu.

Huku nako ni kupunja. Muuza mchele hupunja kwa kibaba, msomi kwa kalamu. Wala asiseme mtu kuwa bibi yule hakuwa wa dini yetu: Suratul Maida imetuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, sembuse asiyetukosea lolote.

Nanyi wanafunzi mtakaopima madini na maji, kijana abebaye mawe, mzee wa kijiji awaonyeshaye chemchemi, binti aandikaye vipimo, wote wana sehemu katika ripoti yenu. Waandikeni kabla haijapelekwa. Na msikilizeni aliye chini yenu. Anayefokewa leo kwa kusema ameona ufa katika dari la mgodi, kesho atauona akanyamaza, na walio ndani ni watoto wa watu.

Wassalamu alaykum.