Faida ya Kuweka Hesabu na Kuipima
Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garissa



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo vijana waliosoma hulipa majina marefu, lakini asili yake si ngeni kwetu: nalo ni kukusanya habari, kuzipanga, kuzipima, kisha kukata shauri kwa kadiri zilivyoonyesha.

Wazee wanajua kuwa hakuna mtu mwenye akili aliyehamisha kaya yake kwa kubahatisha. Kwanza walitangulizwa watu wa kutazama, ambao Wasomali huwaita sahan, wakaangalie malisho, maji, maradhi na amani ya njiani. Waliporudi walihojiwa, na maneno yao yakalinganishwa, ndipo shauri likakatwa. Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Kilichoongezeka siku hizi ni daftari, na jicho lililoko angani.

Yafaa tuanze na jambo la huzuni. Mwezi wa Agosti 2010 wataalamu wanaochungulia dalili za njaa walianza kuonya kuwa mvua za Deyr zingekuwa haba. Kweli zikakosekana, na mvua za Gu za mwaka 2011 nazo hazikutosha. Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Watu walivuka mpaka kwa maelfu wakaingia Dadaab, katika Garissa yetu hii, na huku kwetu mifugo ikafa. Tangu onyo hata tangazo ilipita miezi kumi na mmoja. Habari zilikuwapo, kilichokosekana ni shauri kukatwa kwa wakati wake. Hesabu isiyofuatwa na tendo ni kama kisima kisicho na kamba.

Sasa niseme juu ya habari iliyofuatwa na tendo. Januari 2010, huko Marsabit, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo pamoja na washirika wake ilianzisha bima ya mifugo ya namna mpya. Bima ya kawaida humtaka mtu athibitishe kila mnyama aliyekufa; lakini ni nani atakayehesabu mizoga kutoka Habaswein hata El Wak? Basi wao walitumia picha za setilaiti zionyeshazo ukijani wa ardhi. Ukijani wa msimu hulinganishwa na ule wa miaka iliyopita mahali pale pale. Ukishuka chini ya kipimo kilichokubaliwa tangu mwanzo, kila mwenye bima katika eneo lile hulipwa, bila mzoga hata mmoja kuhesabiwa. Mwaka 2014, huko Wajir, wafugaji wapatao mia moja walilipwa kwa njia hiyo, kwa utaratibu wa takaful unaokubaliwa na sheria ya Kiislamu. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha mpango wake katika Wajir na Turkana, na baadaye ukapanuliwa hata Garissa. Malipo nayo yakapangwa yaje mapema, ili mtu anunue chakula cha mifugo ingali hai.

Lakini jicho la angani lina upofu wake. Huona kijani, wala halijui ni kijani gani. Mti wa mathenge hubaki na majani hata wakati wa ukame, na kila mmoja wetu ajua kuwa pori la mathenge si malisho. Hapo ndipo neno la mzee aliyekanyaga ardhi linapohitajika. Hesabu haikuja kumwondoa mzee barazani. Imekuja kuketi kando yake.

Ndugu Wanachama, twaweza kufanya nini sisi wenyewe, bila setilaiti? Natoa shauri moja. Tuweke daftari la soko la mifugo la Garissa. Kila juma, siku ile ile, karani wetu aandike bei ya mbuzi wa umri na hali ile ile, na bei ya kilo ya mahindi. Kisha agawanye ya kwanza kwa ya pili. Tuseme mbuzi auzwa shilingi 4,000, na kilo ya mahindi shilingi 50: mbuzi mmoja ni kilo 80. Tuseme baadaye mbuzi ashuka hadi shilingi 2,500, na mahindi yapanda hadi shilingi 100: mbuzi yule yule sasa ni kilo 25. Anayetazama bei ya mbuzi peke yake ataona amepoteza shilingi 1,500. Anayezitazama bei zote mbili ataona amepoteza zaidi ya nusu ya chakula cha watoto wake.

Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame hukusanya habari za namna hii na kutoa taarifa kila mwezi. Twaweza kulinganisha daftari letu na yao. Ila lililo kubwa ni kukubaliana leo, kabla ya shida: kilo zikipungua miezi miwili mfululizo, kamati ikutane ndani ya juma moja, ishauri wanachama wauze mapema madume na wanyama waliozeeka, wakiwahifadhi majike wa uzao. Shauri likatwalo njaa ikiwa mlangoni hukatwa na hofu.

La mwisho ni uaminifu. Agosti 2010 Waziri wa Mipango, Bwana Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya hesabu ya watu ya mwaka 2009 katika wilaya nane, zikiwamo Lagdera, Wajir Mashariki na tatu za Mandera, kwa kutilia shaka ongezeko lake. Mashauri yakaenda mahakamani. Mandera ilikuwa imehesabiwa watu 1,025,756. Mwaka 2019 ikahesabiwa 867,457. Sitasema nani alikosea. Nasema tu kwamba idadi ya watu ni moja ya vipimo vya kugawia kaunti fedha za taifa, na kwamba namba ikishatiliwa shaka, mwenye haki na asiye na haki husimama mlango mmoja. Kwa hiyo karani wetu asiongeze wala asipunguze, hata kwa kumpendeza mkubwa.

Wazee wetu, daftari hili ni bei ya kitabu kimoja na kalamu. Naomba mkutano huu ulikubali kabla hatujatawanyika.